Kikohozi cha Elle-Biret

Dakika tatu za sauti ya bibi yangu
zinauzwa kwa joto la mwezi mzima.
Nimezima jiko tangu Oktoba,
nimelala na viatu, na mbwa kifuani.
Leo nimefika Ghala la Sauti, pointi zangu kiganjani,
kama mtu aliyekuja kumtoa jamaa rumande.

Kijana wa dirishani ana adabu.
Anauliza nataka ipi, iliyosafishwa au ghafi?
Iliyosafishwa ni bei nafuu, anasema,
tumeondoa upepo, mbwa, mlio wa birika,
tumeondoa pumzi. Limebaki neno tupu.

Nampa pointi zote.
Nataka yenye uchafu wake.

Lugha yetu ni mali ya Kampuni.
Ukitamka neno njiani, nguzo inasikia,
na bili inafika nyumbani kabla yako.
Mjomba Jovnna alimwita mbwa wake mara moja tu,
barafu ilipokuwa ikipasuka chini yake,
akalipa hadi alipokufa.
Mbwa siku hizi tunawaita kwa mluzi.

Navishwa vipokea sauti.
Kwanza, birika.
Kisha kiti chake, kile chenye mguu mfupi.
Kisha yeye mwenyewe, miaka kumi na tisa chini ya mawe,
anawafundisha wageni wenye kalamu:
"Theluji hii, yenye punje kama chumvi,
kulungu akiifukua anafikia majani. Sisi tunaiita..."
Anakohoa.
"...čuohki."

Nashika ukingo wa meza.
Čuohki ni ganda la barafu juu ya malisho,
ni njaa yenyewe,
kulungu hulilamba mpaka ulimi utoke damu.
Kwetu, mtoto hulijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

"Na mifugo huvushwa upande wa..."
anakohoa
"...mashariki ya jiwe jeupe."
Magharibi, bibi.
Mashariki kuna ziwa, na ziwa hilo haligandi sawasawa.

Ndipo nikakumbuka karata.
Desemba isiyo na jua, meza ya jikoni,
wajukuu sita, njiti za kiberiti ndizo fedha zetu.
Bibi alikuwa mwizi wa karata asiye na haya,
ila Mungu alimtia kengele kooni:
kila alipotaka kudanganya alikohoa,
kikohozi kidogo, kikavu, cha mara moja,
nasi tukaangua kicheko kabla hajaweka karata chini.

Saa arobaini alizungumza nao.
Akawapa kahawa, akawapa nyama kavu,
akawapa lugha nzima iliyovaliwa nje ndani,
na ufunguo akauweka mezani, mbele ya macho yao.
Wao wakaufuta, wakauita kelele.

Asiyejua maana haambiwi maana.

Sasa naelewa kwa nini kundi la Kampuni,
vichwa elfu nne, kila sikio na kifaa chake,
lilikufa likiwa limesimama
mahali ramani iliposema: malisho.
Kulungu wale hawakuwa na kosa.
Kwa hao tu najua bibi angelia.

Dakika ya tatu inakatika katikati ya jina la mto.
Sijui kama baada ya hapo alikohoa.
Zimebaki saa thelathini na tisa, dakika hamsini na saba.
Nitazima jiko tena. Binamu zangu nao watazima yao,
tutakaa gizani tukihesabu vikohozi.

Kijana ananifungulia mlango.
"Umeridhika, mama?
Kuna neno lolote ulilolitambua?"

Nje nguzo zimetega masikio.
Nakohoa,
kidogo, kikavu, mara moja.
"Hata moja," namwambia.